Jiji Lisilo na Jiwe

Mgeni aliingia kituoni Ijumaa asubuhi, mvua ikiwa ndiyo kwanza imekatika, akiwa na mfuko wa samaki wakavu na swali moja.

"Nani hapa anashughulika na picha ya Mwanza?"

Koplo Deodatha aliinua uso kutoka kwenye daftari la matukio. Mzee yule alivaa koti la suti lililopauka mabegani, na viatu vyake vilikuwa vyekundu kwa tope. Hakuna aliyemtarajia. Wiki nzima, tangu waisambaze mitandaoni pamoja na habari za mama na namba ya kituo, simu ilikuwa imelia mara mbili tu kuhusu picha ile, na mara zote mbili waliopiga walikuwa walevi.

"Ni mimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Naitwa Winston. Nimetoka Mwanza, jana nimelala Kayanga. Hawa samaki ni wa yule mama."

"Ungepiga simu tu, mzee. Namba tuliiweka."

"Niliiona. Jambo lenyewe si la simu."

Deodatha akamvutia benchi. Kisha akafungua droo ya chini, akatoa fremu ya mbao yenye kioo kilichopasuka pembeni, na kuilaza mezani.

Jalada lilikuwa na siku kumi na mbili. Ma Costansia, mwenye miaka themanini na saba, alitembea na fimbo yake kutoka kibanjani kwake, kwenye migomba yake, hadi hapa kituoni Nyakatuntu, akasema mwanawe amepotea. Alipoulizwa amepotea lini, akajibu mwaka sabini na sita. Konstebo Eliud, aliyekuwa zamu, alicheka hadi akashika meza. Deodatha hakucheka. Alifungua jalada. Projest, miaka kumi na tisa, aliondoka kwenda Mwanza kutafuta kazi kwenye viwanda vipya. Kwa kuwa mama yake hakujua kusoma, hakutuma barua. Alituma michoro ya penseli, mara tatu. Baada ya hapo, kimya. Sasa daktari alikuwa amemwambia Ma Costansia kwamba moyo wake umechoka, naye alitaka kujua jambo moja kabla haujasimama: mtoto wake yuko wapi.

Mchoro uliobaki ulikuwa huu mmoja. Maghorofa matatu yaliyokuwa bado yanajengwa. Kiwanda chenye paa la meno ya msumeno. Dohani ndefu ikitoa moshi. Malori mawili barabarani. Na kwenye dirisha la ghorofa ya tatu, kijana mmoja mdogo kama punje ya mtama, mkono juu, anapunga.

Winston alivaa miwani. Aliuangalia mchoro muda mrefu bila kugusa kioo.

"Nimefanya kazi ya ujenzi Mwanza tangu mwaka sabini na moja," alisema. "Viwanda, maghala, maghorofa. Mtaa huu haupo."

"Huenda ulibomolewa."

"Nyumba hubomolewa, koplo. Umewahi kufika Mwanza?"

"Mara moja."

"Uliona nini cha kwanza?"

Deodatha alifikiri kidogo. "Mawe."

"Eeh, mawe! Yako mlimani, yako nyuma ya nyumba, yako ndani ya nyua za watu. Huwezi kuchora Mwanza, hata kibanda cha nyanya, jiwe lisiingie. Hapa hakuna hata kokoto."

"Basi ni Dar es Salaam. Labda alihama."

"Nami nilidhani hivyo, nikatulia. Halafu nikaona hii." Alionyesha miti iliyoegemezwa kwenye maghorofa. "Hii anataka iwe mirunda ya ujenzi. Fundi hukata kichwa cha mrunda kiwe bapa, ubao ukalie juu. Huyu kila mti ameuchora na panda, kichwa kimegawanyika mara mbili. Halafu ghorofa moja, mti mmoja, upande mmoja tu. Ghorofa zima! Na tazama dohani. Nani duniani ameiegemezea dohani ya matofali mti wa panda?"

Deodatha aliinama. Ilikuwa kweli. Dohani ilikuwa imeinama kidogo kulia, na kulia huko ndiko mti wa panda ulikoikinga.

"Aliyechora hapa hajawahi kusimama chini ya jengo linalojengwa," Winston alisema. "Nina shaka hata kama jiji amewahi kuliona. Amesimuliwa."

Eliud, aliyekuwa anachemsha chai nyuma ya kaunta, aliacha kucheza na kijiko.

"Kwa nini umekuja mwenyewe, mzee?" Deodatha aliuliza.

"Shemeji yangu alikwenda machimboni, hakurudi. Mke wangu alimsubiri miaka ishirini na mbili. Amekufa mwaka juzi, bado anamwekea sahani sikukuu." Alivua miwani. "Mimi si askari. Lakini kwenye ujenzi, nyumba ikianguka, swali la kwanza ni nani alikula saruji. Huyu kijana kutoweka kwake, nani alikula?"

Deodatha alilijua jina la kuanzia.

*

Jovin alikuwa anageuza kahawa juani mbele ya nyumba yake. Alikuwa mtoto wa shemeji yake Ma Costansia, na ndiye aliyepewa na ukoo sehemu ya kibanja iliyokuwa iwe ya Projest.

"Nilijua mtafika tu," alisema. "Mwenye shamba ndiye mwizi, sivyo?"

"Sijasema mwizi. Nauliza ile michoro."

"Afande, kaka Projest anaondoka, mimi niko darasa la kwanza. Kuchora? Waulize niliosoma nao. Nilichora mbuzi, mwalimu akaniuliza mguu wa tano ni wa nini."

"Nani alikupa kibanja?"

"Ukoo, mwaka tisini na nane. Miaka ishirini na mbili kilikaa kinamsubiri. Nenda kasome muhtasari, mtendaji anao." Alisimamisha reki. "Tena mimi ndiye nilikataa mara ya kwanza. Niliota amerudi na sanduku, ananiuliza nalala kwa nani."

Deodatha aliandika tarehe. Mtoto wa miaka saba hakuweza kuchora meno ya msumeno yaliyonyooka vile.

"Michoro ilifikaje kwa Ma Costansia?"

"Poli aliileta. Ta Polikarpi, yule mzee seremala. Alikuwa anapeleka milango Kayanga kwa baiskeli, anapitia posta."

"Zote tatu?"

"Zote. Nani mwingine alikuwa na baiskeli?"

*

Ma Costansia alikuwa ameketi kwenye mkeka mlangoni, miguu imenyooshwa. Nyuma yake, ukutani ndani ya nyumba, ulibaki msumari mtupu na mraba mweupe pale picha ilipokaa.

"Umeniletea?" aliuliza hata kabla ya salamu kuisha.

"Bado, Ma. Leo ndiyo Ijumaa. Jua bado liko juu."

"Ulisemaje siku ile unaichukua?"

"Nilisema nitairudisha mimi mwenyewe, Ijumaa, kabla jua halijazama, niitundike kwa mkono wangu."

"Haya. Mimi huwa namsalimia asubuhi. Wiki hii nimesalimia ukuta."

Alimsogezea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Deodatha alichukua buni mbili, akatia moja mdomoni. Wakati huohuo baiskeli ililia nyuma ya nyumba, na Ta Polikarpi akatokea akiwa na mkungu wa ndizi begani na miti miwili mkononi. Alikuwa mwembamba, nywele nyeupe, penseli bapa ya useremala imechomekwa juu ya sikio. Alitua mkungu jikoni, akasalimia bila kumtazama askari usoni.

"Karibu kahawa, Poli," Ma Costansia alisema, akinyoosha kikapu.

"Asante, Ma. Tumbo."

Alipita. Mama akacheka kidogo, akarudisha kikapu mapajani.

"Miaka yote hiyo ni tumbo. Ananilimia, ananikatia kuni, paa hili ameliezua na kuliezeka yeye. Ila kahawa yangu haigusi. Zamani waliimaliza kikapu kizima, yeye na Projest."

"Tangu lini hagusi, Ma?"

"Tangu mwenzake aende Mwanza. Ni uchungu. Si unajua walichanjana."

Deodatha alikuwa mtu wa Muleba, hakuhitaji kuelezwa. Marafiki wawili wanaochanjana huchukua buni moja yenye punje mbili. Kila mmoja anapaka punje yake damu ya tumboni kwake, na mwenzake anaimeza. Kuanzia hapo mama wa mmoja ni mama wa wote wawili, na hawafichani mambo ya nyumba zao; anayeficha huogopa kuigusa tena buni ya nyumba hiyo.

Aliacha kutafuna. Ng'ambo ya uwanja, kando ya jiko, Polikarpi alikuwa amesimama chini ya mgomba ulioinama kwa uzito wa mkungu. Alichukua mti mmoja, akaangalia mgomba unaelekea wapi, akaukita mti upande huo na kuingiza panda yake chini ya shingo ya mgomba. Mti mmoja, upande mmoja. Akausukuma kwa kiganja kuona kama umeshika, akaenda kwenye mgomba mwingine.

Deodatha alitema buni kwenye leso.

"Ma, naomba niende. Nitarudi."

"Na picha."

"Na picha."

*

Alimfuata, akamkuta kwenye karakana yake, mwendo wa dakika tano, kibanja cha tatu kutoka kwa Ma Costansia. Polikarpi alikuwa anapima ubao. Mistari aliyochora juu yake ilianza minene, ikamalizikia myembamba, kama mistari ya moshi kwenye mchoro. Ndivyo penseli bapa inavyoandika mkono ukiigeuza.

"Ta Polikarpi, uliwahi kufika Mwanza?"

"Hapana, afande."

"Bukoba mjini?"

"Mwaka themanini na mbili, kwa mazishi."

"Kwa hiyo mwaka sabini na sita ulikuwa hujaona ghorofa."

Alipuliza vumbi la mbao. "Nilikuwa nimeona kwenye kalenda ya parokia."

"Kalenda ilionyesha mirunda?"

Alirudisha macho kwenye ubao. Deodatha alitoka nje ya karakana, akaangalia kibanja. Kilikuwa kisafi, majani makavu yametandazwa chini, kila mgomba mzito una mti wake wa panda. Katikati kabisa, mbali na njia na mbali na jirani, ulisimama mlamula mnene, ule mti wa majani membamba ambao watu hupanda mpakani. Chini yake hapakuwa na mgomba hata mmoja.

"Huu ni mpaka wa nani na nani?"

Polikarpi alikuwa ametoka, amesimama nyuma yake na kipande cha ubao mkononi.

"Si mpaka."

"Panapopandwa mlamula pasipo na mpaka, huwa pana nini, Ta?"

Mzee alikaa chini. Alikaa pale pale kwenye majani makavu, taratibu, kama mtu anayeteremshwa.

"Sema wewe, afande. Mimi nimeshindwa kusema miaka arobaini na tisa."

"Siwezi kukusemea. Na kabla hujasema, nakuonya: hulazimiki kusema lolote, na utakalosema nitaliandika na linaweza kutumika mahakamani."

"Andika."

Waliandika wakiwa wamekaa palepale. Walikuwa wawili, yeye na Projest, na mtumbwi wa kuazima, na magunia mawili ya kahawa ya magendo ya kuvusha Mto Kagera kwenda Uganda, ambako bei ilikuwa nzuri. Projest alitaka kumnunulia mama yake mabati. Mtumbwi ulipinduka karibu na ukingo. Polikarpi alishika mafunjo. Projest hakushika kitu. Alipatikana siku ya pili, amenasa kwenye mafunjo hayo hayo.

"Kwa nini hukusema?"

"Baba yangu alikuwa balozi wa nyumba kumi. Wiki hiyo hiyo alikuwa amewakamatisha watu wawili kwa kahawa. Nikamfunga Projest kwa majani ya migomba, nikampakia kwenye baiskeli kama mzigo wa ndizi. Nilitaka kumpeleka kwa baba kwanza, aamue yeye." Alifuta mdomo. "Njia inapita mlangoni kwa Ma. Alikuwa anapepeta maharage. Akaniambia, Poli, huo mzigo ni mzito, pumzika unywe maji. Halafu akaniuliza, mwenzio yuko wapi? Mdomo ukasema, ameenda Mwanza, kwenye viwanda. Sikuupanga. Ulisema wenyewe. Na ukishasema hivyo huwezi kurudi nyuma ukafungua mzigo."

Deodatha aliandika. Karatasi ilikuwa imelowa kidogo kwenye pembe, akaigeuza.

"Na michoro?"

"Ma alikuwa ananisubiri barabarani kila nikitoka Kayanga. Projest katuma nini? Nikachora. Akauliza yeye mwenyewe yuko wapi hapa. Nikachora nyingine, hakumwona. Ya tatu nikamweka dirishani. Alilia kwa furaha, afande, akanipa kuku. Nikasema basi, sichori tena, kwa sababu nikiendelea nitamwozesha, nitampa watoto."

"Ulimzika kwa sala?"

"Usiku, hapo penye mlamula, nilisema ninazozijua."

"Kibali cha kufukua kitatoka mahakamani. Mpaka hapo hapa hapachimbwi wala hapafagiliwi. Twende kituoni."

Polikarpi alisimama, akachomoa penseli sikioni na kuiweka juu ya ubao. "Ule mgomba wa jikoni kwake nimeuegemeza vibaya," alisema. "Mvua ikirudi utaanguka. Mwambie mtu."

*

Afande Cassian, mkuu wa upelelezi wa wilaya, alipiga simu saa kumi na moja kasoro.

"Kazi nzuri, koplo. Mchoro huo ni kielelezo. Ingiza kwenye daftari, funga, gari la wilaya linakuja kukichukua pamoja na mtuhumiwa. Saa kumi na mbili na nusu liko hapo."

"Afande, kimeshaingizwa. Nimekipiga picha mbele na nyuma, mashahidi wawili wametia saini. Naomba nikipeleke kwanza kwa mwenyewe, nikirudishe kesho asubuhi."

"Kwa mwenyewe? Kielelezo kiende kulala ukutani kwa mlalamikaji?"

"Nilimwahidi, afande. Leo, kabla jua halijazama."

"Hiyo ahadi haiko kwenye kanuni za jeshi. Jina lako liko kwenye orodha ya kozi ya sajenti. Gari likifika pale bila mchoro, nitalitoa jina hilo kwa mkono wangu, na utajibu mashtaka ya nidhamu. Tumeelewana?"

"Nimekuelewa, afande."

Alikata simu. Winston alikuwa bado kwenye benchi, mfuko wa samaki kati ya miguu. Nyuma ya nondo Polikarpi alikaa ameinamisha kichwa.

"Watamrudishia tu kesi ikiisha," Eliud alisema, safari hii bila kucheka. "Muda kidogo, Deo. Miaka arobaini na tisa amesubiri."

"Ndiyo maana," Deodatha alisema.

Aliandika kwenye daftari la vielelezo: *Kimetolewa na Koplo Deodatha, saa 11:20 jioni, kwa uamuzi wake mwenyewe.* Akatia saini. Winston alimpa mfuko wa samaki, akamfungulia mlango.

*

Deodatha alimweleza Ma Costansia akiwa ameketi chini, kwenye mkeka, magoti yao yakigusana. Alianza na mto, akaja kwenye mtumbwi, akaja kwenye mlamula. Hakuruka kitu. Fremu ilikuwa mapajani kwake, imefunikwa kwa kitenge, na mfuko wa samaki kando yake.

Ma Costansia hakupiga kelele. Alishika fimbo yake kwa mikono miwili, akaitazama njia inayopita mbele ya nyumba.

"Alipita hapa," alisema.

"Ndiyo, Ma."

"Kwenye baiskeli."

"Ndiyo."

"Nilimwambia Poli apumzike. Mzigo ulikuwa mzito, niliuona. Nilimwambia apumzike, hakupumzika."

Kuku wawili walipita uwanjani. Jua lilikuwa limefika kwenye vichwa vya migomba.

"Nimemlaani," Ma Costansia alisema baadaye. "Projest. Mwaka ule nilipoumwa nikalazwa, nilisema kama anaishi huko anakula na kushiba na hanikumbuki, basi asinizike. Kumbe hapa. Vibanja vitatu. Mimi nalaani mtoto aliye hapo."

"Hukujua, Ma."

"Sikujua." Alinyoosha mkono. "Nipe."

Deodatha aliondoa kitenge. Mama aliisogeza fremu karibu na macho, akatafuta kwa kidole, juu ya kioo, hadi kwenye dirisha la ghorofa ya tatu.

"Huyu kachorwa na Poli?"

"Ndiyo."

"Alikuwa anapunga hivi hivi. Kiwiko nje, kama anafukuza nzi." Kidole kilibaki pale. "Poli yuko wapi?"

"Kituoni, Ma. Leo wanampeleka wilayani."

Macho yake yakaenda jikoni, kwenye mgomba ulioinama na mti wake uliokitwa vibaya, yakarudi.

"Basi kesho hakuna wa kuja," alisema.

Simu ya Deodatha ilianza kutetema mfukoni. Namba ya wilaya. Gari limefika. Ilitetema mpaka ikakata, ikaanza upya.

"Jua hilo linazama, mwanangu," Ma Costansia alisema, na kumrudishia fremu.

Deodatha alivua viatu, akaingia ndani. Aliinua fremu kwa mikono miwili hadi kwenye mraba mweupe, akatafuta msumari kwa kamba, akaunasa. Alirudi nyuma hatua moja. Picha ilikuwa imeinama kidogo kulia. Akaisogeza mpaka ikanyooka, akatoka kwenda kuukita upya mti wa ule mgomba, simu ikitetema mfukoni.